Pale Gari Linapojikunja

Katika nyumba ya Baba Pacha, siku huanza kwa sauti mbili. Ya kwanza ni mashine ya kukorogea keki. Ya pili ni cherehani. Mke yuko jikoni, mume yuko barazani, na mlango ulio kati yao huwa wazi kutwa nzima ili wasemezane bila mtu kuinuka.

Pacha wenyewe hawapo tena nyumbani. Walikua, wakaolewa, wakahamia mji mwingine. Lakini wazazi wao walibaki kuitwa Baba Pacha na Mama Pacha, hata na wateja ambao hawajawahi kuwaona hao pacha.

Mama Pacha anaoka keki za harusi. Baba Pacha anashona suruali. Mtu akipita njiani, Baba Pacha hamtazami usoni, anamtazama pindo. Mkewe humtania kwamba mtu akipotea mtaani, polisi wasije kumuuliza mumewe sura ya mtu huyo, maana atawaeleza suruali tu.

Mama yake Baba Pacha anaishi nao. Mtaa mzima unamwita Bibi. Bibi ana miguu ya baridi mwaka mzima, jua liwake lisiwake, na kila siku anavaa soksi nene. Miguu ni ya baridi, lakini ulimi wake hauna baridi hata kidogo.

Uani mwao kulikuwa na gari. Lilikuwa gari la zamani, refu kwa nyuma, lenye buti pana na mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu. Walilinunua kwa ajili ya keki. Keki ya harusi haipandi pikipiki. Iliwahi kupandishwa mara moja, na bwana harusi siku ile alilazimika kukata keki kwa kijiko. Mpaka leo Mama Pacha hapendi kulizungumzia jambo hilo.

Basi gari lilifanya kazi kweli. Asubuhi lilileta unga na mayai. Mchana lilipeleka keki. Jioni lilileta majora ya vitambaa. Mlango ule wa nyuma ulifunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa na kufungwa, kama mlango wa duka.

Siku moja jioni, dereva mmoja alimpigia Baba Pacha honi na kumwambia kwamba taa zake za nyuma haziwaki. Baba Pacha alishuka kuangalia. Ni kweli. Akikanyaga breki, taa za breki ziliwaka. Lakini zile taa nyekundu ndogo, zinazomwonyesha aliye nyuma kwamba mbele kuna gari, zilikuwa giza tupu.

Alifika nyumbani akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Fyuzi ni kidude kidogo cha plastiki chenye miguu miwili ya bati. Ndani yake kuna kiuzi chembamba cha bati kinachounganisha miguu hiyo. Baba Pacha aliona fyuzi moja nyekundu, yenye namba kumi, kiuzi chake kimekatika. Akanunua nyingine kama ile, akaichomeka, na taa zikawaka. Alijisikia fundi. Mama Pacha akampa vipande vya kingo za keki, ambavyo katika nyumba ile ndiyo zawadi ya mwenye kufanya vizuri.

Kesho yake fyuzi iliungua tena.

Aliweka nyingine, nayo ikaungua. Wakati mwingine iliungua mara tu alipofunga buti. Wakati mwingine iliungua gari likiruka tuta. Mwishowe muuzaji wa vipuri akamwambia kwamba nyekundu zimekwisha, akampa fyuzi ya kijani yenye namba thelathini. Alimhakikishia kwamba hiyo ni kubwa, ina nguvu zaidi, na itadumu. Ilidumu siku chache, kisha nayo ikaungua.

Hapo Baba Pacha akachoka. Alichukua kipande cha waya wa shaba, akauzungusha kwenye miguu ya fyuzi iliyoungua, akaichomeka mahali pake. Taa zikawaka, na zikaendelea kuwaka. Alirudi barazani akipiga mluzi, akamwambia mkewe kwamba sasa fyuzi ile haitaungua tena.

Na ni kweli, haikuungua tena. Hapo ndipo hatari ilipoanza.

Mama Pacha alimuuliza kwa nini asimwite shemeji yake aje atazame. Shemeji huyo aliishi nyumba ya ng'ambo ya barabara. Alikuwa fundi wa umeme wa magari katika gereji moja karibu na kituo cha mafuta. Yeye na Mama Pacha walikuwa marafiki tangu utotoni, wamelelewa kama ndugu, ndiyo maana Baba Pacha alimwita shemeji, na utani wao haukuwa na mwisho. Ovaroli ya gereji aliyokuwa akivaa ilishonwa na Baba Pacha mwenyewe. Fundi yule alidai mifuko mingi mno, hata Baba Pacha akawa anasema hakumshonea ovaroli, alimshonea kabati.

Kwa hiyo Baba Pacha alikataa. Alisema kazi yenyewe ni ndogo, hakuna haja ya kumsumbua mtu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuchekwa. Shemeji yake akijua kwamba ameshindwa na kidude kidogo kama ukucha, atalisema hilo mpaka kwa wateja.

Jumamosi ile kulikuwa na keki ya harusi. Vipande vikubwa viliwekwa kwenye buti. Kile kidogo cha juu, chenye maua ya sukari, kiliwekwa kwenye boksi na kupakatwa na Bibi. Bibi hakuwa amealikwa harusini. Alipenda tu kwenda kuona watu wamevaaje, ili apate la kusema wiki nzima.

Waliondoka mchana. Mama Pacha alikaa mbele na mumewe, Bibi akakaa nyuma peke yake kama malkia. Wakiwa njiani, wingu likashuka na manyunyu yakaanza. Baba Pacha akawasha taa. Barabara ilikuwa na matuta na mashimo, naye akaendesha taratibu kwa sababu ya keki.

Baada ya muda Bibi alisema kutoka nyuma kwamba leo gari lina joto zuri la miguu. Alimsifu mwanawe kwa kumfikiria. Baba Pacha alishukuru, akidhani mama yake anasema tu. Lakini Mama Pacha aligeuka.

"Mama, joto hilo linatoka wapi?"

"Hapa chini, kwenye zulia. Linapanda vizuri."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Wote wawili walijua kwamba gari lile halina hita ya nyuma. Halina hata ya mbele.

Kisha harufu ikaja. Baba Pacha aliitambua upesi, kwa maana ni harufu ambayo kila fundi cherehani anaiogopa. Ilikuwa kama harufu ya nailoni iliyosahauliwa chini ya pasi. Alitazama kwenye kioo, akaona moshi mwembamba mweusi ukipanda kutoka miguuni kwa mama yake.

Alilisogeza gari pembeni. Akazima taa, akazima injini, akaruka nje. Mama Pacha alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kumshika Bibi mkono. Bibi hakushuka. Alimnyooshea boksi.

"Mkwe wangu, shika keki kwanza."

"Mama, shuka."

"Nitashuka. Shika keki."

Mama Pacha aliipokea keki, akaiweka juu ya ukuta mfupi wa nyumba ya watu, akarudi mbio na kumtoa Bibi. Walimpeleka mbali na gari, mahali ambapo moshi haukufika. Manyunyu yaliwaangukia wote watatu, na hakuna aliyejali. Bibi alikuwa bado anauliza kama maua ya sukari yamelowa.

Baba Pacha alimpigia shemeji yake simu. Fundi yule hakuuliza mengi. Aliuliza kwanza kama watu wote wametoka na wako mbali. Kisha akauliza kama kuna moto au moshi tu. Alimwambia kwamba akiona hata ulimi mmoja wa moto, asiguse kitu, asifungue boneti, akimbie na awapigie simu watu wa zimamoto. Gari linanunuliwa, mtu hanunuliwi. Baba Pacha akajibu kwamba ni moshi tu, na umepungua baada ya kuzima taa.

"Una spana?"

"Ninayo."

"Fungua boneti. Kwenye betri kuna nyaya mbili nene. Ufungue ule wenye alama ya kutoa, kile kistari kimoja. Huo tu. Ule wenye alama ya kujumlisha usiuguse, na spana yako isiuguse."

Alifanya hivyo. Moshi ukazidi kupungua, kisha ukaisha kabisa. Baada ya muda mfupi shemeji yake akafika na gari la gereji. Aliinama akapapasa zulia, akatikisa kichwa. Alimchukua Mama Pacha pamoja na keki zote akawapeleka harusini. Keki ilifika salama. Halafu akarudi, akalivuta gari bovu mpaka nyumbani, Bibi akiwa amekaa mbele pamoja naye akimsimulia mambo yote upya kana kwamba hakuwa amepigiwa simu.

Jioni ile Baba Pacha alimvua mama yake soksi. Soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imeungua chini ya wayo. Kitambaa kilikuwa kigumu, kimeshikana na plastiki nyeusi. Mguu wenyewe ulikuwa mzima, mwekundu kidogo tu. Bibi alisema hausikii maumivu, akamwomba aache kuushikashika kama mchinja kuku.

Lakini Baba Pacha hakucheka. Hakula. Cherehani ilinyamaza. Mama Pacha aliporudi alimkuta jikoni, ufunguo wa gari uko mezani mbele yake. Alimwambia mkewe kwamba gari liuzwe kama chuma chakavu.

"Nimemchoma mama yangu miguu," alisema. "Kwa mkono wangu huu."

Mama Pacha alivuta kiti akakaa karibu naye. Alikuwa amechoka, na nywele zake zilikuwa na unga wa sukari. Alichukua mkono ule alioutaja mumewe, akauweka kati ya mikono yake miwili.

"Wewe ulitaka taa ziwake," alimwambia. "Hukukosea kutaka. Sasa tujue ni kwa nini zilikataa."

Kisha akamwambia kwamba shemeji yake atakuja kesho asubuhi, na kwamba lazima anywe chai, kwa sababu yeye hatamvumilia mume mwenye njaa na huzuni kwa pamoja.

Asubuhi jua lilitoka. Shemeji alikuja na sanduku lake la vifaa. Baba Pacha alisubiri utani. Haukuja, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kama ungekuja.

Kwanza fundi alihakikisha kwamba betri bado imefunguliwa. Alieleza kwamba mtu hagusi nyaya za gari kabla ya kufungua betri, na kwamba upande wa hasi ndio unaofunguliwa kwanza. Bati lote la gari limeunganishwa na upande huo. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa bati, umeme utaruka hapohapo mkononi mwako. Wakati wa kurudisha, hasi inafungwa mwisho.

Halafu alifungua kisanduku cha fyuzi akachomoa ile yenye waya wa shaba. Aliishika juu, akaitazama kwenye mwanga.

"Shemeji, sindano ya cherehani ikigonga zipu ya chuma, nini kinavunjika?"

"Sindano."

"Sasa ukichoka kununua sindano, ungefunga msumari?"

"Mashine yenyewe ingevunjika," alisema.

"Basi fyuzi ndiyo sindano. Imewekwa pale ivunjike yenyewe, ili gari lipone."

Akaeleza taratibu, huku Mama Pacha amesimama mlangoni na Bibi amewekewa kiti kivulini. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye waya mpaka kwenye taa. Pale hufanya kazi ya kuwasha, kisha hurudi kwenye betri kupitia bati la gari. Waya umevikwa nguo ya plastiki ili usiguse bati njiani. Nguo hiyo ikichanika na waya mtupu ukagusa bati, umeme hupata njia ya mkato. Haufiki tena kwenye taa. Unakimbia wote kwa pamoja na kurudi bila kufanya kazi yoyote. Hiyo ndiyo mafundi wanaita shoti. Waya unapata joto sana. Kama fyuzi ni ile inayotakiwa, inaungua mara moja na umeme unakatika. Kama umeweka fyuzi kubwa, umeme mwingi kupita kiasi unaendelea kupita. Kama umeweka waya, hakuna kinachoukata, na joto linaenea njia nzima, mpaka chini ya zulia, mpaka kwenye soksi ya Bibi.

Alimwonyesha mfuniko wa kisanduku. Kwa ndani ulikuwa na picha inayoonyesha kila fyuzi na namba yake. Ya taa za nyuma ilikuwa kumi. Baba Pacha alikuwa ameufungua mfuniko ule mara nyingi na hakuwahi kuugeuza kuutazama.

Wakaondoa kiti cha nyuma na kuinua zulia. Chini yake kulikuwa na fungu la nyaya linaloelekea nyuma ya gari. Waya mmoja ulikuwa umeyeyuka nguo yake yote, umebaki mweusi. Baba Pacha alidhani ugonjwa umepatikana. Fundi alisema hapana. Hapa ni palipoumia, si palipoanzia. Wakibadilisha waya huu tu na kwenda zao, fyuzi itaungua tena kesho.

Hata hivyo alianza na huo. Aliukata wote ulioharibika, akaweka mpya wenye unene uleule, akakagua nyaya za jirani kama zimeguswa na joto. Mmoja ulikuwa umelainika, naye akaubadilisha pia.

Ndipo akaanza kutafuta chanzo. Alitoa globu zote za taa za nyuma. Akachukua globu nyingine kubwa aliyoiunga nyaya mbili, akazichomeka nyaya hizo mahali pa fyuzi. Alieleza kwamba globu hii haiwezi kupitisha umeme mwingi, kwa hiyo hata kama shoti ipo, waya hautaungua. Tena itawaambia kitu. Kwa kuwa globu za nyuma zimetolewa, umeme hauna mahali pa kwenda. Globu ya kupimia haipaswi kuwaka. Ikiwaka, mahali fulani waya unagusa bati.

Alirudisha betri na kumwambia Baba Pacha awashe taa. Globu ikawaka vizuri, nyeupe kabisa.

"Huyo hapo," fundi alisema. "Sasa tumtafute amejificha wapi."

Alianza kutikisa nyaya kutoka mbele, kipande kwa kipande. Baba Pacha alikaa kwenye usukani akiitazama globu. Chini ya dashibodi, haikubadilika. Kando ya mlango, haikubadilika. Chini ya kiti cha nyuma, haikubadilika. Gari ni refu, na nyaya nyingine zimepita ndani ya bati, hazionekani. Fundi alisimama akajifuta jasho. Kisha akamtazama Baba Pacha kwa namna nyingine, si kama shemeji mkosaji, bali kama fundi anavyomtazama fundi.

"Nguo huanza kuchanika wapi?" alimuuliza.

Baba Pacha hakuhitaji kufikiri. Hilo alilijua kuliko jina lake. Alijibu kwamba suruali huanza kwenye goti, shati huanza kwenye kiwiko. Kitambaa kilichonyooka kinakaa miaka. Kinachokwisha ni kile kinachojikunja na kujikunjua.

"Na gari hili linajikunja wapi?"

Baba Pacha akageuka polepole, akatazama nyuma, akauona ule mlango mkubwa wa buti, uliobeba unga na mayai na vitambaa na keki, unaofunguliwa na kufungwa kutwa nzima.

Alishuka, akazunguka nyuma, akauinua mlango. Juu, karibu na bawaba, kulikuwa na bomba la mpira mweusi linalotoka kwenye paa na kuingia mlangoni. Nyaya zilipita humo. Kila mlango ulipopanda na kushuka, bomba lile lilijikunja kama goti. Mpira ulikuwa umepasuka.

Mama Pacha aliagizwa kukaa kwenye usukani kuitazama globu. Baba Pacha aliushusha mlango kidogo, akaupandisha.

"Imezimika," Mama Pacha alisema kutoka mbele. Kisha akasema, "Imewaka. Imezimika tena."

Shemeji alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Walifungua betri tena, wakavuta bomba la mpira kando. Ndani yake waya wa taa ulikuwa umechanika nguo, shaba yake iko uchi na inang'aa mahali ilipokuwa ikisugua ukingo wa bati. Nyaya nyingine mbili zilikuwa zimeanza kupasuka. Baba Pacha alizitazama kwa muda mrefu. Alisema kwamba suruali ikiletwa na goti kama hili, asingelaumu uzi wala pindo. Angetia kiraka cha maana.

"Basi tia," alisema fundi, akampa koleo.

Walifanya kazi ile pamoja. Waliukata ule waya mahali ulipoharibika, na zile mbili pia, hata kama zilikuwa bado zinafanya kazi, kwa sababu zingefuata. Fundi aliunga vipande vipya, vilivyo virefu kidogo kuliko vya zamani, ili mlango ukifunguka visivutike. Baba Pacha aliuelewa urefu ule, maana ndio ule ule anaouacha kwenye goti la suruali ya mtu anayepiga magoti kazini. Kila kiungo kilisokotwa, kikatiwa risasi laini ya kuungia nyaya kwa chuma cha moto, kisha kikavishwa mrija wa plastiki unaosinyaa na kubana ukipata joto. Fundi hakuviweka viungo vyote mahali pamoja. Kimoja kilikuwa juu, kingine chini yake, kingine chini zaidi. Baba Pacha akasema mishono mitatu ikikutana mahali pamoja huleta nundu, na nundu huchanika. Fundi alimtazama, akamwambia angempa kazi gereji kama asingekuwa mchelewaji wa kushona ovaroli.

Huo ulikuwa utani wa kwanza. Bibi pale kivulini alicheka kwa sauti, na Baba Pacha naye akacheka, na Mama Pacha aliyekuwa bado amekaa kwenye usukani alishusha pumzi ndefu.

Wakavalisha bomba jipya la mpira. Wakarudisha betri, chanya kwanza, hasi mwisho. Globu ya kupimia iliwekwa tena. Waliupandisha mlango na kuushusha, wakautikisa, wakaubamiza. Globu haikuwaka hata kidogo. Ndipo wakarudisha globu za taa za nyuma, na Baba Pacha akachukua fyuzi mpya, nyekundu, yenye namba kumi. Kabla ya kuichomeka aligeuza mfuniko akalinganisha namba na picha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Taa zikawaka. Kwenye jua hazikuonekana vizuri, ikabidi azizibe kwa viganja ili azione.

Kabla ya kuondoka, shemeji alimwambia neno moja la mwisho. Fyuzi ikiungua mara moja, huenda ni bahati mbaya, abadilishe kwa ileile. Ikiungua mara ya pili, inamwambia jambo. Asiizibe mdomo. Amtafute mtu anayejua kuisikiliza. Akamwachia na kizimamoto kidogo cha unga, akifunge karibu na kiti cha dereva.

Kumrudisha Bibi garini hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumruhusu. Mama Pacha alisema asubiri kwanza, naye akazungushwa mtaani na mumewe, taa zimewashwa, yeye amekaa nyuma akipapasa zulia kila baada ya tuta. Lilikuwa baridi. Walifanya hivyo siku kadhaa. Bibi alikuwa akiwatazama kutoka barazani, amevaa soksi mpya, akilalamika kwamba harusi zinapita na yeye hajui watu wamevaa nini. Mwishowe alifungua mlango mwenyewe akaingia, akakaa, akasema yuko tayari.

Siku hizi kuna jambo jipya katika nyumba ile. Kabla ya safari yoyote, Mama Pacha husimama nyuma ya gari, na Baba Pacha hukaa kwenye usukani. Mume huwasha taa ndogo, mke huitikia kutoka nyuma kwamba zinawaka. Mume hukanyaga breki, mke huitikia. Kulia, kushoto, mke huitikia. Majirani wanasema wawili wale wameanza uchumba upya.

Wiki iliyopita, jioni yenye wingu, Mama Pacha aliitikia kila kitu isipokuwa kimoja. Taa ndogo ya kushoto ilikuwa giza. Keki ilikuwa tayari ndani ya buti na wateja walikuwa wanasubiri. Baba Pacha alizima kila kitu, akafungua kisanduku, akaitazama fyuzi. Ilikuwa nzima. Alifikiri kidogo. Taa ya kulia inawaka, na fyuzi ni nzima, basi umeme unafika nyuma. Akaenda akatoa globu ya kushoto, akaiinua kwenye mwanga. Kiuzi cha ndani kilikuwa kimekatika. Ilikuwa imezeeka tu. Aliweka mpya.

"Kushoto inawaka," alisema Mama Pacha. Alibaki amesimama pale nyuma kidogo zaidi ya ilivyohitajika, uso wake mwekundu kwa mwanga wa taa, akimtazama mumewe kwenye kioo cha dereva. Naye akamtazama.

Bibi, aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti chake, aliwauliza kama wanakwenda harusini au wameamua kufunga ndoa hapohapo uani. Mama Pacha akaingia, akafunga mlango. Gari likatoka langoni taratibu, na aliyekuwa nyuma yao barabarani aliliona kutoka mbali.